Umri Wangu Naujua Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Karani wa ajira ametukusanya stoo ya magodoro, sisi wapakiaji wote, kutusomea mipango miwili ya akiba ya uzeeni. Yote unakatwa mshahara mpaka ufike sitini. Lakini ule wa pili, wa waliofika miaka hamsini na minne, kampuni inakuongezea mara mbili ya ulichokatwa. Alikuwa bado anaeleza, mkono wangu uko juu. Akafungua faili, akasema mimi nina arobaini na minane. Watu wakacheka. Nina hamsini na sita mimi. Mgongo una sabini.

Jumanne, 4 Machi
Nakiri humu tu. Walipoajiri walitaka wasiozidi thelathini na tano. Nilikuwa na arobaini na mitatu, nikapunguza minane. Nani hakupunguza? Dereva wa foklifti, huyo, maana madereva hawakuwekewa kikomo. Ana hamsini na minne, mdogo wangu kabisa, lakini kwa faili ni mkubwa. Miaka kumi na mitatu nampa shikamoo, naye anaitikia bila haya. Leo kajiandikisha mpango wa pili, kisha akanishika bega, ati mdogo wangu usijali, wewe bado una nguvu. Nguvu zipi?
Mke kapiga simu. Kauliza narudi lini moja kwa moja. Nikasema miaka minne. Akasema basi atapaka rangi chumba. Mjukuu ananiita babu wa kwenye simu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia kaka. Amekubali kwenda kwa wakili kuapa kwamba nina hamsini na sita, maana ndiyo kweli. Nikafikiri. Kama hamsini na sita ni miaka minne, hamsini na tisa si mwaka mmoja tu? Nikamwambia aandike hamsini na tisa. Akaja juu. Yeye ana hamsini na minane, sasa nani atakuwa kaka? Nikamtuliza kwamba ni kwenye karatasi tu, nyumbani shikamoo zake zote atazipata.

Jumatano, 12 Machi
Kiapo kimefika na basi, muhuri mwekundu. Karani alikisoma mara mbili, akaniamkia. Dereva wa foklifti alikuwepo, ikabidi naye aniamkie. Nikaitikia polepole, nisiimalize upesi.
Ndipo karani akasema mpango wa pili unakomea hamsini na minane, na kwamba Jumatatu ile alieleza vizuri. Uliobaki ni ule wa kwanza. Makato ya mwaka mmoja. Hayafiki nauli na kitanda. Na mwakani nastaafu, kwa kiapo cha ndugu yangu mwenyewe. Dereva akanipa pole, mzee wangu.
Huu ni uonevu. Mtu anaadhibiwa kwa kuzeeka!

Alhamisi, 13 Machi
Kesho ndiyo mwisho wa kujiandikisha. Nimempigia kaka alfajiri, aape upya, atume picha kwa simu. Akasema safari hii anaandika hamsini na sita, kweli tupu, wala haongezi hata siku. Nikamkatalia. Mpango unafika hamsini na minane, kwa nini nipoteze miaka miwili ya bure? Akafoka kwamba huo ni umri wake yeye. Nikamwambia basi aandike tulizaliwa mapacha.
Mke nimeshamwambia, rangi anunue mwezi huu.