Dereva wa Kilo Themanini na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Matairi ya gari la chanjo yamebaki vipara. Lazima yapatikane mapya kabla ya safari ya Ijumaa. Bwana Stoo, mtunza stoo wetu, karudi kutoka kwa muuza matairi na maelezo, na maringo juu, utadhani matairi kayavumbua yeye. Kila tairi, kasema, lina nambari ubavuni inayoonyesha litabeba mzigo kiasi gani. Nambari ikiwa ndogo mno, tairi hupasuka. Ikiwa kubwa mno, tairi huwa gumu na gari hurukaruka kwenye mawe. Kwa hiyo tujue uzito wa kila kitu: masanduku ya barafu, mapipa ya maji, tairi la akiba, na sisi wenyewe.

Na sisi wenyewe!

Karatasi ikazungushwa. Stoo akaandika 64 kwa tarakimu kubwa. Shemeji akaandika ya kwake bila kuinua macho. Shemeji ni mdogo wa mke wangu, daktari wa mifugo na bosi wetu. Ndiye aliyenipigania nikapata kazi hii. Mimi nikaandika 82.

Si uongo mtupu. Nilikuwa 82 siku ya harusi yangu. Mara ya mwisho kupimwa, zahanati, nilikuwa 117, na nesi akapiga mluzi. Lakini ningeandikaje? Tangu Januari nimewatangazia nyumbani na kazini kwamba nakimbia kila alfajiri. Na kweli natoka na viatu vya kukimbilia. Nafika mkahawani, naagiza mayai manne, narudi nikihema. Kuhema sijifanyi. Kuna kilima.

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Muuza matairi hataki uzito wa karatasini. Kataka gari lipelekwe kwenye mizani ya malori, na mzigo wake wote, na watu ndani. Jasho likanitoka mpaka soksi.

Akili ikafanya kazi haraka. Tulipofika nikaruka chini, nikasema lazima mtu aongoze gari kwa nje. Shemeji akashika usukani. Nikapunga mikono kama trafiki. Gari likapimwa bila mimi, kisha wakaniongeza kwa hesabu: 82. Nimepona! Ila yule wa mizani alinitazama juu mpaka chini, akauliza huyo dereva wa 82 mwenyewe yuko wapi. Nilicheka kuliko wote.

Muuza matairi akapiga hesabu. Nambari 109 inatutosha, na inabaki ziada ya kilo thelathini. Kashauri tupande kidogo, 112, kwa usalama. Stoo akakataa katakata: chupa za chanjo ni za kioo, hazitaki tairi gumu. Shemeji akakubaliana naye.

Ziada kilo thelathini. Mimi peke yangu nimeficha thelathini na tano.

Jumatano, 5 Machi

Naliona tairi likipasuka ukingoni mwa korongo, Shemeji ndani. Nitamwambia nini dada yake? Sitamwambia kitu, na mimi nitakuwa korongoni.

Kusema ukweli? Ofisini, mbele ya Stoo wa 64? Hapana. Kuna njia nyingine. Nimekwenda peke yangu kuyachukua matairi, nikasema Daktari kabadili mawazo, anataka makubwa zaidi. 112 yako ghalani nyuma, akasema muuza matairi. Nikaona 121 mlangoni, ya magari yanayobeba mawe. Nikasema hayo hayo. Akauliza kama Daktari anajua. Nikamjibu kasema mwenyewe kwa kinywa chake.

Nimemsingizia Shemeji. Najisikia vibaya. Lakini tairi nimelipiga teke, na kidole bado kinauma. Usalama tunao.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika.

Njia yote ni mawe. Gari lilirukaruka kilomita tisini. Stoo aligonga kichwa kwenye paa akapoteza hesabu ya chupa mara tatu. Shemeji aliniomba nipunguze mwendo. Nilikuwa kwenye gia ya kwanza.

Tulipofika wafugaji walikuwa wamepanga foleni, wengine wametembea siku mbili na ng'ombe wao. Tukafungua masanduku. Chupa arobaini. Ishirini na tatu zimevunjika, chanjo inachuruzika kwenye barafu. Mbele kabisa alisimama bibi mmoja na ndama saba. Hakugomba. Aliuliza tu kama zilizobaki zitafika kwa ndama wake. Tuliwagawia wote kidogo kidogo; kwake zilifika kwa wanne.

Stoo akainama, akasoma ubavu wa tairi. Akauliza kwa sauti ya upole kabisa nani kaleta haya. Kabla sijafungua mdomo Shemeji akasema ni kosa la dukani, huyu ni mume wa dada yangu, namjua, anachukua alichoagizwa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, nikanyamaza hivyo hivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji alikwenda kugomba dukani. Akaambiwa aliagiza mwenyewe, kupitia dereva wake. Akaja moja kwa moja nyumbani. Hakupaza sauti. Aliuliza tu kwa nini.

Nikasema: mia moja na kumi na saba. Niliisema chini chini. Mke wangu akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza habari ya kukimbia. Akaleta viatu, akavigeuza soli. Vipya.

Shemeji akasema, Shemeji, ungeniambia 117 ningeandika 117 na kuendelea na mstari unaofuata. Basi. Akanywa maji, akaondoka. Afadhali angenitukana. Aliyekosewa alikuwa akinionea huruma mimi, na ndama watatu wako kule bila chanjo.

Nimelia bafuni. Nimeapa: kuanzia leo, ukweli mtupu.

Jumatatu, 10 Machi

Muuza matairi kakubali kuyapokea yale 121. Katenga 112 pembeni, ya mtu wa 117. Bado kunipima tu, kwa uhakika. Mizani ya watu iko hapo dukani, sakafuni, karibu na meza. Nikapanda kwa moyo safi. Kisha Stoo akapiga magoti kusoma.

Kiwiko kikaegemea meza. Chenyewe.

Tisini na sita! Shemeji akapiga makofi, akasema nilijitisha bure, na kweli kumbe nakimbia. Stoo akanipa mkono, mara ya kwanza tangu tufahamiane. Ningewaharibiaje furaha? 112 zikarudishwa nyuma. Zimefungwa 109.

Ijumaa tunarudi kwa yule bibi. Hesabu nimepiga mara mbili: nimezidisha ile ziada kwa kilo tano tu. Tano! Hizo zinaisha kwa siku nne. Viatu nimeviweka mlangoni. Kesho alfajiri nakimbia, mayai mawili tu.