Mayai Viza kwa Usalama wa Esta

Jumatatu, 6 Julai 1953

Baridi kali. Ukungu umeingia mpaka jikoni. Esta, binti yangu wa pekee, amelia tena usiku kucha. Tumbo gumu, uso umepauka, uji hataki. Klara mke wangu anasema ni meno. Meno! Kwa wanawake kila kitu ni meno. Mimi nasema mtoto analishwa sumu. Swali ni moja tu: na nani?

Nimewaza kutwa nzima huku nikipima kabichi za watu. (Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la mboga, kwa sasa. Nilizaliwa kwa mambo makubwa zaidi.) Mara nikakumbuka! Zamani nikifagia maabara kule Amani, Mzungu mmoja alikinga maji ya bomba kwenye gilasi, akatia dawa inayonuka yai viza, maji yakageuka meusi. Akasema hiyo ni risasi, yale madini laini ya kijivu, yametoka kwenye bomba, na huwadhoofisha watoto polepole bila mtu kujua. Wenzangu waliikimbia harufu. Mimi nilibaki na ufagio wangu nikajifunza sayansi.

Kwa hiyo njia ipo. Nitapaka yai viza kila chombo kinachomgusa mwanangu. Kitakachogeuka cheusi, na mwenye nacho, watanitambua. Namshuku Rajabu fundi bati. Kikombe cha uji cha Esta kalehemu yeye, na siku ile alicheka sana wakati wa kunikabidhi. Fundi hacheki bure.

Jumanne, 7 Julai

Mayai hayaozi! Nina mayai niliyoyaficha nyuma ya ghala tangu mwezi uliopita, kwa shughuli nyingine ambayo si lazima kuiandika. Leo nimepasua moja kwa matumaini makubwa. Zima! Ute safi, kiini kimekaa vizuri. Kwa baridi hii ya Lushoto hata yai linakataa kuharibika.

Nimepata akili. Mombo! Kule chini joto linaunguza mpaka mawe. Nimempa kapu Paskali, dereva wa lori letu la mboga, nikamwomba aliache juani kwenye bati la kibanda cha stesheni na kunirudishia Jumamosi. Akauliza kwa nini nisiyale tu. Nikamjibu kuwa ni mambo ya sayansi na ya siri. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mlevi wa asubuhi. Namshuku naye, ila kidogo.

Esta ametulia leo kitandani mwake akiguguna ukingo. Kile kitanda nimekitengeneza mwenyewe, chenye fito pembeni kama vya watoto wa Kizungu. Rangi nimepaka mwenyewe pia, nyekundu ya kupendeza. Binamu yangu wa reli alinigawia, ile wanayopaka madaraja yasipate kutu. Mtoto anaipenda mno, ameshaila mpaka mbao inaonekana. Angalau kuna kitu kimoja humu ndani ninachokiamini.

Alhamisi, 9 Julai

Siku ya soko. Nimekwenda kwa Rajabu nikijifanya nataka koroboi. Nikamuuliza kwa upole huwa anatia nini kwenye lehemu yake. Akasema bati na vitu vingine. Vingine! Nikauliza vingine vipi. Akaniuliza kama nataka kufungua kibanda ubavuni mwake. Nikasema nauliza tu. Akasema waulizaji wa namna yangu anawajua, hushika kila kitu na kurudi nyumbani mikono mitupu. Watu wakacheka. Nimerudi nyumbani mikono mitupu.

Nikamkuta mkwe wangu. Amepanda kutoka Mlalo kuja kumwona mjukuu. Nikamwamkia kwa mbali, macho chini, kama inavyonipasa. Amemletea Esta kikuku cha fedha. Marehemu baba mkwe alikifua kutoka kwenye rupia za wakati wa Mjerumani, na yeye mama amekivaa tangu arusi yake. Klara amelia kwa furaha. Mimi nimetabasamu na kushukuru. Lakini moyoni najiuliza: kwa nini sasa? Na mbona kizito hivyo?

Jumamosi, 11 Julai

Mayai yamefika! Paskali hakuthubutu kuliingiza lori uani. Ameliacha kapu barabarani na kuondoa gari kwa kasi. Kumbe abiria waliokuwa wamekalia magunia walishukia Soni wakaamua kumalizia safari kwa miguu. Kapu linavuja. Harufu ni ya ajabu. Harufu ya Amani kabisa!

Nimengoja mkwe na Klara waende kisimani, nikapanga vyombo nyuma ya jiko. Nimefunga kitambaa puani. Matokeo haya hapa.

Sufuria, safi. Bakuli la maua, safi. Wanja ambao jirani yetu Mwanamisi humpaka Esta kwenye nyusi: huu ndio umenishangaza. Haukugeuka mweusi hata chembe. Ulivyokuwa kabla ndivyo ulivyobaki. Umefaulu kuliko vyote, nami nimeona aibu kumshuku mama wa watu.

Kikombe cha Rajabu: hakuna kitu. Nikarudia. Hakuna. Nikakiloweka kizima. Hakuna! Fundi mjanja sana yule, amejua kuificha.

Halafu kikuku cha mkwe. Nimekigusisha tu, kwa kutimiza wajibu. Ee Mungu wangu! Kimegeuka cheusi kama masizi mbele ya macho yangu. Nilikaa chini. Mkwe! Mama mzazi wa Klara! Na mimi siku zote nikidhani hanipendi tu.

Jumapili, 12 Julai

Sijui nianzie wapi. Baada ya ibada watu walikuja nyumbani kunywa chai na mkwe. Mzee wa kanisa alikuwapo, Mwanamisi alikuwapo, hata Paskali, aliyekaa karibu na mlango. Nikaona hiyo ndiyo nafasi. Nikasimama, nikatoa kikuku cheusi mfukoni, nikatangaza kuwa kwa njia ya kisayansi nimegundua kimejaa risasi, lakini namsamehe mleta zawadi, huenda alidanganywa na marehemu.

Klara alijifunika kanga uso mzima. Mzee wa kanisa aliweka kikombe chini bila kumaliza. Mwanamisi akauliza taratibu kama ni kweli nimechukua zawadi ya mkwe nikaitia kwenye yai viza. Nikasema ndiyo, na nikaonyesha ni yai gani.

Kwa desturi yetu mkwe hawezi kubishana na mimi, wala mimi na yeye. Alichukua majivu na ndimu, akakaa kizingitini, akasugua. Akasugua mpaka kikuku kikawaka kuliko siku ile alipokileta. Halafu akasema na Klara kwa Kishambaa, ingawa mimi nilikuwa nimekaa pale pale naweza kumgusa. Alisema fedha yoyote huwa nyeusi ikiguswa na yai viza, na mwanamume huyu aambiwe hivi: kwa kuwa amepima vya watu wote, apime na chake.

Nikacheka! Nikawaita wote chumbani waone kitanda. Nikapaka yai pale pale Esta anapopaguguna. Wekundu ukawa kahawia. Kahawia ikawa nyeusi. Nyeusi tii! Hakuna aliyepumua, kwa huzuni au kwa harufu, sijui. Klara alimnyanyua mtoto akamkumbatia kama kuna moto.

Nilielewa mara moja kilichotokea, nikawaeleza. Mayai yameharibika.

Jumatatu, 13 Julai

Klara hakungoja ruhusa. Amempeleka Esta kwa Sista Yudith, muuguzi wa zahanati ya misheni. Sista amemtazama fizi, amemshika tumbo, akauliza mtoto hutafuna nini. Akaambiwa. Akasema rangi ile ya madaraja imejaa risasi, na mtoto asiione tena kuanzia leo. Apewe maziwa, apewe mboga, apewe mayai (mazima, alisisitiza), naye atapona kwa kuwa wamewahi.

Nilipoambiwa nilikwenda kukaa nyuma ya magunia ya viazi nikalia. Naandika ukweli, nililia kwelikweli. Esta ni mwanangu, na kila nilichofanya nilimfanyia yeye. Baadaye nikatulia na kuanza kufikiri. Sista Yudith hana hata yai moja. Amejuaje?

Jioni wameondoka, Klara, Esta na mkwe, kwenda Mlalo. Klara amesema atarudi siku atakaposikia kitanda hakipo, harufu haipo, na hakuna tena kitu kilichopakwa rangi humu ndani. Nikamwuliza nani kamtia maneno hayo. Akakaza mbeleko. Esta alininyooshea mikono kutoka mgongoni kwa mama yake. Nyumba ni kimya. Uji wangu nimeuunguza.

Jumatano, 15 Julai

Bwana Afya kutoka Boma amekuja na kofia yake. Nikafurahi, nikadhani habari za kazi yangu zimefika juu. Kumbe majirani wamepeleka malalamiko ya uvundo. Amekataa hata kuingia uani. Ameamuru nichimbe shimo, nifukie mayai, kapu, na kitanda pia, kwa sababu sasa hata kitanda kinanuka.

Nimechimba. Wakati nachimba nikamweleza kuwa serikali inahitaji Mpimaji wa Sumu wa Wilaya, na kwamba niko tayari kuanza hata kesho. Akasema niendelee kuchimba, bado halijafika kina.

Rajabu alipita barabarani amejiziba pua. Macho yake lakini yalikuwa yanacheka. Nani alipeleka malalamiko Boma? Mimi najua.

Jumamosi, 1 Agosti

Salamu kutoka Mlalo kwa mdomo wa Paskali. Esta anakula! Anacheka, anatambaa, mashavu yamerudi! Nimemkumbatia Paskali katikati ya soko, akasema nimwachie, bado nina harufu. Sikujali. Nimemshukuru Mungu kwa sauti.

Nikarudi nyumbani nikaona kitu kilichonisimamisha. Rafuni, pale pale kilipoachwa: kikombe cha Rajabu! Hawakwenda nacho Mlalo. Mtoto ameondoka, kikombe kimebaki, mtoto amepona. Ushahidi gani tena wanautaka watu?

Nimemwambia Paskali. Akauliza, na kitanda je, kilikwenda Mlalo? Huwezi kujadili sayansi na dereva.

Jumamosi, 8 Agosti

Wamerudi! Klara amezunguka kila chumba, akanusa, akatazama kila ukuta, akaweka mzigo chini. Esta ni mzito, karibu anishinde kumbeba. Ameng'ang'ania masharubu yangu. Sijapata furaha kama hii tangu siku aliyozaliwa.

Nami nilikuwa nimemwandalia zawadi. Maana jino jipya linachomoza, na mtoto lazima apate kitu cha kuguguna. Klara alikataza rangi, nami nimetii. Hakina rangi hata tone! Betri ya lori la Paskali imekufa, na ndani yake nimekuta chuma kizuri cha ajabu, cha kijivu, kizito, laini mpaka ukucha unaacha alama. Sijui kwa nini watu wanakitupa. Nimekiyeyusha jikoni kwenye kijiko cha uji nikakifinyanga ndege mdogo. Mdomo nimeuviringisha usimchome fizi.

Klara amemgeuza ndege yule kiganjani muda mrefu. Akaniuliza kama nimempima. Nikacheka sana. Nikamwambia kitu alichokitengeneza baba mtu kwa mikono yake mwenyewe kinapimwa kwa ajili gani?

Amekwenda moja kwa moja akamtupa ndege chooni. Kijiko nacho kakitupa. Sasa hivi yuko chumbani, namsikia anakunja kanga tena na kuuliza lori la Mlalo linaondoka saa ngapi.

Leo hii amerudi, hajaongea na mtu yeyote ila mimi. Sasa Rajabu amempata wapi kumtia maneno?