Aqal ya Kuzuia Bustani

Jumatatu, 5 Juni 1995

Abshiro mpenzi,

Wanataka kiwanja chako! Diwani ametangaza leo baada ya Adhuhuri. Bustani ya mji inapanuliwa. Viwanja vitupu vinavyopakana nayo vitachukuliwa, mwenyewe apewe kingine njia ya Bura. Vyenye makao ya mtu vitaachwa.

Chetu kitupu. Hakina kitu ila lile doa jeusi ulipokuwa ukifukizia vibuyu vya maziwa. Nikipita hapo, hata baada ya kukuzika, bado nanusa moshi. Sikitoi! Mpimaji anakuja Alhamisi. Nina mpango.

Jumanne, 6 Juni

Mpango ni aqal, ile nyumba yetu ya kuhama nayo. Fito, kamba, mikeka, basi. Nani atavunja makao ya mtu?

Nilikata fito ukingoni mwa Tana, nikajenga tangu asubuhi. Saa nane ikalala ubavu. Jirani Korane, ambaye nyumba yake ya mawe haiguswi, aliegemea ua akauliza ngamia huyu mgonjwa nimemnunua wapi. Waryaa, we Dagane, akasema, tangu lini mwanamume akajenga aqal?

Kweli. Zako mimi nilijua kuzigonga kwa kichwa tu, pale mlangoni.

Jumatano, 7 Juni

Nimemwendea Nurto, yule mjane wa nyuma ya msikiti. Ana aqal kamili, imekunjwa, mikeka aliyosuka mama yake. Nikamwomba aje aisimamishe kwangu. Alinitazama sana. Akauliza kama nimefikiri vizuri. Nikasema usiku kucha! Akauliza ni kwa muda gani. Nikasema inshallah, daima. Akafunika mdomo kwa shashi yake ya kichwani.

Alasiri akaja na kundi la wanawake. Wakaimba, wakafunga, wakatandika. Kabla ya Maghrib nyumba imesimama. Nzuri, Abshiro. Usione wivu, ni ya kazi tu.

Alhamisi, 8 Juni

Ushindi! Mpimaji, kijana mgeni mpole, aliuliza nani anaishi hapa. Mimi, nikasema. Nurto akatoka ndani na chai ya maziwa, iliki tele. Mpimaji akanywa, akaomba radhi kwa mama mwenye nyumba, akang'oa kigingi chake.

Kisha wakaja kaka zake Nurto na kondoo. Kisha vigelegele! Korane akanikamua mkono: hongera, bwana harusi!

Ya Allah. Mwanamke wa kwetu hasimamishi aqal yake kwenye kiwanja cha mwanamume asiyemwoa. Hata mtoto anajua. Mimi niliwaza fito tu.

Ijumaa, 9 Juni

Baada ya sala nilimweleza Nurto ukweli, kwa upole. Kwamba niliomba nyumba, sikuomba mwenyewe. Akacheka mpaka akakaa chini. Walaal, ndugu yangu Dagane, akasema, siku moja utaposa ngamia bila kujua! Lakini aqal ni mali ya mwanamke, nayo humfuata. Akafungua kamba, akapakia punda, akaenda. Kaka zake wakaondoka na kondoo, bila kicheko.

Jioni mpimaji alipita tena. Kitupu! Kigingi kikarudi, katikati ya doa lako. Nilikaa karibu nacho mpaka giza likaingia. Sikuwa na mpango wowote.

Jumapili, 11 Juni

Nimeonyeshwa kiwanja kipya. Upepo na vichaka. Asubuhi nilichota ule udongo mweusi, karai moja, nikaubeba mwenyewe mpaka huku. Korane akauliza tangu lini watu wakahama na masizi. Nimeumwaga upande wa kivuli. Ungependa.

Sasa nasikia barabara itapitishwa hapa. Waje! Safari hii mpango hauna mwanamke wala punda. Kaburi haliguswi na mtu. Kesho napanga mawe, niseme ni la babu.

Nilipomweleza Nurto, akauliza kwa uso mkavu hitima ya babu italiwa lini. Nikajibu Ijumaa, kabla sijafikiri. Ameshawaalika wanawake wote wa mtaa.

Nitahitaji kondoo. Na babu.

Unikumbuke, Abshiro.