Uzinduzi wa Paa la Mnara wa Bibi Makvala

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Minara, ambaye ni mimi, Mheshimiwa Katibu, aliyebaki mjini akiuguza jino, baba kasisi, wenye minara na mliobakiwa na misingi tu, Bibi Makvala, mjane mwenye mnara huu, na ng'ombe wake hapo chini: itifaki imezingatiwa! (Makofi ya mtu mmoja. Dereva wa Mwenyekiti.)

Nasimama mbele yenu, au tuseme juu yenu, katika mlango huu ambao wazee wetu wa Svaneti, huku milimani Georgia, waliuweka kimo cha watu watatu kutoka ardhini, ili adui akija akute ukuta mtupu, na mwenyeji akishapanda avute ngazi ndani, aketi, ale mkate wake wa nyama kwa utulivu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sera ya usalama kabla ya sera! (Sauti: "Tunajua, tumezaliwa humo!")

Kila ghorofa ina tundu moja la kupitia, linalozibwa kwa bamba la jiwe, hata adui akiteka ghorofa ya chini abaki anaikodolea macho dari kama mbwa chini ya nyama iliyotundikwa buchani; na mnara huu, uliostahimili karne nane za visasi vya koo na maporomoko ya theluji, natamka bila kusita, haujaanguka hata mara moja katika kipindi changu cha uongozi. (Kicheko. Bibi Makvala: "Na paa je? Msimu wa tatu huu theluji inaingia ndani, mawe ya juu yanacheza, nami nalala chini yake!")

Umeniwahi, Bibi. Kamati imefanya upembuzi yakinifu, ikaupembua upembuzi huo, ikashirikisha wadau, ikabuni mkakati jumuishi, na leo paa limekamilika kwa asilimia tisini kimfumo, asilimia kumi iliyobaki ikiwa ni mbao, misumari na mafundi. (Jokia, mpwa wa Bibi: "Mbao ziko wapi, Otar?") Mbao ziko njiani, ndugu Jokia. Njia ndiyo bado haijafika.

Jambo la pili... nani anagusa ngazi niliyopandia? Bibi! Jokia! (Ngazi inalazwa majanini. Vifijo vya kwanza leo.) Dereva! (Dereva amepewa mkate wa nyama, mdomo umejaa.)

(Bibi: "Mwanangu, wazee walivuta ngazi ndani. Wewe umetuachia nje.")

Bibi, theluji inaanza! (Bibi: "Hata mimi huniangukia kitandani. Haya, endelea na paa.")

Basi nichukue fursa hii, huku nikitetemeka, kumshukuru mfadhili, ambaye hayupo. Mkandarasi, ambaye hakuteuliwa. Kamati, ambayo haijawahi kukaa. Na mchoraji wa ramani ya paa, ambaye ni binti yangu wa darasa la tatu, aliyetumia kalamu za rangi. Mradi huu, wapendwa, haukuwahi kuwapo. Paa hoyee! (Kimya.) Mnara hoyee! (Kimya.) Zipo mbao nilizokusanya nyuma ya nyumba yangu nijengee banda la gari... zichukueni! Na misumari! Ngazi hoyee!

(Umati: "Hoyeee!" Bibi Makvala anaketi juu ya ngazi. "Jokia, nenda na dereva mkazipakie. Mkirudi nazo nitainuka. Mheshimiwa, wewe endelea kuhutubia.")