Siku Mzee Mabuti Alipoanza Kuongea

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Imekuja! Erick, konda wa basi la Dar, kaishusha asubuhi pale Msamvu, imefungwa kwenye gazeti kama samaki. Sehemu ya sita ya Mzee Mabuti. Morogoro nzima hakuna mwingine mwenye nayo. Nimeibusu kanda mbele za watu. Sijali.

Atakayeokota shajara hii nikiwa nimeshakuwa mtu maarufu, ajue hivi: Mzee Mabuti ni muuaji wa kwenye filamu. Ana koti la mvua, koleo, na mabuti yaliyojaa maji. Humwoni. Unasikia mabuti tu. Chwaa. Chwaa. Halafu mtu anakufa. Sehemu zote tano hajatamka hata neno moja.

Nimemwambia Hidaya, mke wangu, kuwa banda letu la video sasa limepona. Kajibu kuwa mabenchi yetu yana kunguni. Kisha kasema mama yake kule Kinole anaumwa miguu, migomba haina mtu, na Jumatatu ijayo yeye anapanda mlimani. Nikitaka nimfuate, nisipotaka nibaki na mabuti yangu.

Hakusema kwa hasira. Hicho ndicho kilichonitisha.

Jumatano, 4 Agosti

Nimepita makusudi mbele ya sinema ya zamani. Milango iko wazi, lakini ndani ni marobota ya mitumba mpaka darini. Kwenye dirisha la tiketi kakaa mtu anauza soksi. Nikasimama nikavuta pumzi. Eti nilidhani nitasikia harufu ya karanga.

Hapa ndipo tulipoiona sehemu ya kwanza, mwaka 1984. Sabuni ya kutafuta, sukari ya foleni, lakini Jumamosi vijana wa viwandani walivaa mashati yaliyopigwa pasi wakajaa mpaka kwenye ngazi. Hidaya alikaa kiti cha pembeni yangu. Tulijuana kwa salamu tu. Mvua ya Uluguru ikaanza kupiga bati, ikawa hatujui lipi bati, yapi mabuti. Mara chwaa! Hidaya akapiga ukelele akanikamata mkono. Hakuuachia mpaka taa zilipowaka. Mwaka uliofuata tukaoana.

Nikiusikia ukelele ule tena, haendi Kinole. Nina hakika.

Muuza soksi kaniuliza nataka jozi au nataka kulia. Nimechukua jozi.

Ijumaa, 6 Agosti

Kasimiri! Huyu ni jirani mwenye banda la pili mtaani kwetu. Alipopunguzwa kiwandani, kiinua mgongo chake chote alinunulia televisheni kubwa kama kabati. Leo kaandika ubaoni: KESHO FILAMU YA KIHINDI, ARUSI TATU, NYIMBO KUMI. Na mimi nikaandika: MZEE MABUTI NAMBA SITA, WENYE MOYO MDOGO WASIJE. Akaongeza chini: TUNA JENERETA. Uchokozi huo! Mgao wa umeme ni kosa langu?

Lakini nimepata wazo. Wazo kubwa. Stambuli, fundi wa kuziba masufuria, ni mrefu kama mlingoti na maneno yake ni machache. Nimempa mabuti ya mpira na koti la mvua. Kesho filamu ikifika patamu nitakohoa mara mbili kwenye kipaza sauti, naye aingie kwa mlango wa nyuma, mabuti yamejaa maji. Hata kama Hidaya ni jiwe, ataruka.

Koleo nimeliazima uani kwa Bi Mwanahawa, mama mwenye nyumba. Hakuwepo. Nitamwambia baadaye.

Kanda yenyewe sijaiangalia. Sitaki kujiharibia utamu.

Jumamosi, 7 Agosti

Aibu. 

Umeme ulikuwepo. Watu walijaa, wakiwemo vijana wa chuo kutoka Mzumbe waliopanda lori la mchanga. Bi Mwanahawa alikaa benchi la mbele. Hidaya mlangoni, anakata tiketi. Mimi na kipaza sauti changu, natafsiri kama kawaida.

Filamu inaanza: jua! Mchana kweupe! Mzee Mabuti kavaa viatu vya ngozi. Nikawaambia watu watulie, huyu anajificha. Akaingia kwa daktari, akakaa kitini, akakunja nne. Akafungua mdomo.

Mzee Mabuti akaongea!

Na hakunyamaza tena. Sauti nyembamba, kama ya karani anayekwambia urudi kesho. Nikatafsiri: anasema atawamaliza wote, mmoja mmoja! Kijana mmoja wa Mzumbe akasimama.

"Kaka Sufiani, hasemi hivyo. Anasema alipokuwa mtoto alifuga bata."

Nikasema ndiyo, na bata huyo akamuua. Kijana akasema hapana, bata alikufa kwa homa, ndiyo maana analia. Na kweli, kwenye kioo alikuwa analia. Banda zima likaanza kucheka.

Nikakohoa mara mbili. Ningefanyaje?

Chwaa. Chwaa. Stambuli akaingia na koleo lake. Kimya. Kwa pumzi moja tu banda lote lilirudi mwaka 1984. Nikamtazama Hidaya. Macho yamemtoka. Mdomo umeanza kufunguka...

"Aa, Stambuli!" mtu akaita kutoka nyuma. "Sufuria yangu vipi?"

Stambuli, mtu wa adabu, akajibu kuwa iko tayari tangu juzi. Hapo Bi Mwanahawa akainuka.

"Koleo langu hilo! Nimelitafuta tangu jana!"

Akaling'ang'ania. Stambuli akampa shikamoo, akaachia mpini, akateleza kwenye maji yake mwenyewe, akaiangukia televisheni. Mlio. Moshi. Watu wote wakahamia kwa Kasimiri, wakawahi arusi ya pili.

Hidaya alikuwa kashikilia mwimo wa mlango. Anacheka mpaka machozi.

Jumapili, 8 Agosti

Nimemuuliza Hidaya kwa nini hakupiga ukelele kama siku ile. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. Kasema hata siku ile hakuogopa. Yeye ni mtoto wa Kinole, kakulia kwenye ukungu na mvua, mabuti yamtishe nini?

Nikasema, lakini ulinikamata mkono.

"Filamu ilikuwa inakaribia kwisha, Sufiani. Na wewe umekaa tu kama gogo."

Miaka yote hii namshukuru Mzee Mabuti! Nikavuta kigoda, nikamsaidia kuchambua. Kupitia ua ulisikika wimbo wa Kihindi kutoka kwa Kasimiri, na Hidaya akawa anaufuatisha kwa mluzi. Nilikuwa nimesahau kuwa anajua kupiga mluzi.

Nimekubali kwenda Kinole.

Alhamisi, 12 Agosti. Kinole

Huku mvua haiulizi ni mwezi gani. Leo mchana ilitufungia jikoni kwa mama mkwe, sisi na majirani, ndizi ziko motoni. Wakaniuliza mjini kuna nini. Nikawasimulia Mzee Mabuti sehemu ya kwanza, tangu mwanzo. Mabuti niliyapiga kwa viganja ndani ya beseni la maji. Ndizi zikaungua, hakuna aliyejali. Mzee mmoja alipandisha miguu yote miwili juu ya kigoda. Mama mkwe, mgonjwa wa miguu, aliruka kama mbuzi. Nikamaliza, wakataka ya pili. Nikawapa. Wakataka ya tatu. Wameahidi kesho watakuja na ndugu zao wa bondeni.

Hidaya alinitazama muda wote kwa namna ambayo sikuielewa. Pengine ni moshi wa kuni.

Lakini nimewahurumia mno. Watu wenye hamu namna hii hawana hata televisheni moja, wamebaki kuutazama mdomo wangu! Haiwezekani. Nimempa dereva wa lori la ndizi ujumbe ampelekee Kasimiri: lile jenereta anauza? Maana Erick kanidokeza tulipokuwa tunaagana kwamba sehemu ya saba imeshafika Kariakoo. Ni nzuri kupita zote. Humo, kaniapia, Mzee Mabuti anaimba.