Lango la Mwisho la Malkia Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu! Naandika tena kwa raha: mke wangu. Nimeamka kabla yake nikabaki kumtazama tu. Asante, Mungu. Jana alinisimulia kwamba utotoni alikuwa akicheza gemu ya ndege kwenye mashine ya dukani. Siku aliyofika lango la mwisho, umeme ukakatika. Kesho yake mashine ikahamishwa. Hadi leo hajui nyuma ya lango kuna nini. Nimemwahidi ataona Jumamosi. Kifua mbele. Gemu yenyewe sina.

Jumatano, 5 Juni
Nimeipata mtandaoni! Na programu ya kuifanya kompyuta ijifanye mashine ya zamani. Nikawasha. Skrini nzima nyekundu: TAHADHARI, chipu moja ya kumbukumbu ya gemu hii ilinakiliwa vibaya, huenda isifanye kazi sawasawa.

Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa televisheni na mjuaji, akachungulia. Akasema nakala ni mbovu. Stoo kwake ana bodi ya gemu hiyohiyo, iliyotolewa kwenye mashine halisi. Nimpe muda aing'oe chipu, aisafishe miguu yake ya chuma, ainakili upya. Nikamshukuru sana, nikakataa. Zawadi ni yangu. Tangu harusini, nilipomjazia dada yake maua ukumbi mzima, ananiita Bwana Maua.

Ijumaa, 7 Juni
Kumbe onyo huzimwa kwenye mipangilio! Nimelizima. Gemu imepona. Nimejaribu hatua ya kwanza tu, nisimmalizie utamu. Nimempigia shemeji kumwarifu. Akaguna.

Jumamosi, 8 Juni
Alipoiona ndege yake alitokwa na machozi. Alicheza mchana kutwa, mimi nikimlisha chungwa kipande kwa kipande. Lango la mwisho likaanza kufunguka. Skrini ikajaa vipande vya rangi, ikaganda.

Akauliza kama hapakuwa na onyo. Nikasema lilikuwepo, ila lilikuwa linaharibu mandhari.

"Mume wangu," akasema polepole, "nimefungiwa lango mara ya pili. Safari hii na wewe."

Nikaliweka chungwa chini.

Jumapili, 9 Juni
Nilikwenda kwa shemeji kichwa chini. Chipu alishainakili tangu Alhamisi. "Nilikujua, Bwana Maua," akasema, "twende."

Tukaweka nakala yake, mke wangu akacheza tena. Lango likafunguka! Nyuma yake uwanja mdogo, ndege inatua, na mtu mdogo anapunga mkono. Basi. Mke wangu alilia kama mtoto, akaushika mkono wangu. Wangu! Nina mke, nina shemeji. Nimepewa nini tena mimi?

Jumanne, 11 Juni
Mama mkwe amesikia, naye anataka gemu ya mbio za magari. Nimeipata! Ina onyo la njano: sauti haijakamilika. Njano si nyekundu. Nimelizima. Shemeji nisimsumbue, maskini, amechoka.

Sauti za injini nitaziiga mwenyewe nyuma ya pazia. Nimefanya mazoezi chumbani. Mke wangu ameuliza kutoka jikoni kama pampu ya maji imeharibika. Ananijali sana.