Nimemtafsiria Baba Mkwe Filamu ya Kijerumani

Jamani, leo nimejidhalilisha, tena ukweni!

Nilikwenda Mungaa na mjomba, ndiye mshenga wangu, kuzungumzia mahari ya Neema. Shikamoo zote nimezitoa, nimekaa kwa adabu, naangalia chini. Kumbe baba mkwe ana ugonjwa wake: vichekesho vya Kijerumani vya enzi zile filamu ndiyo kwanza zimepata sauti. Aliachiwa na padri mmoja. Haelewi hata neno moja, lakini anacheka mpaka anashika mbavu!

"Kijana, nasikia huko mjini unatafsiri filamu kwenye kibanda cha video. Hebu tutafsirie hii."

(Kazi yangu ni hiyo kweli. Ila Kijerumani sijui hata salamu. Huwa natunga tu.)

Filamu yenyewe takataka. Haina rangi. Wanaume wazima wanafukuzana kuzunguka meza. Mmoja anagombezwa na bosi wake, badala ya kujibu anaanza kuimba! Nani anaimba akitukanwa? Bosi naye akaitikia! Upuuzi mtupu.

Nikatafsiri hivyo hivyo. Sebule ikaanza kucheka, mama mkwe anafuta machozi na kanga. Mimi mwenyewe, na dharau zangu zote, nikajikuta nacheka. Lile bosi likiimba huku limenuna, linakutekenya hutaki unataka. Basi sifa zikanipanda kichwani.

Akatokea mzee wa kipara na binti yake, mbele yao kijana ameshika kofia kama mposaji. Nikapaza sauti yangu ya kibandani, nikamsemea kijana:

"Mzee, ng'ombe wote hao unafungua mnada? Binti mwenyewe hata ugali unamshinda!"

Nikacheka. Peke yangu.

Mjomba alikuwa ameshika kichwa. Neema alikuwa amesimama mlangoni na sinia la ugali. (Umeiva vizuri kabisa, kwa taarifa yenu.)

Baba mkwe hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Endelea," akasema taratibu. "Huyo mzee anamjibu nini?"

Nikageukia runinga. Mzee wa kipara kafungua mlango, kamkamata kijana kola, kamtupa nje na kofia yake.

Hiyo haikuhitaji mkalimani. Nikachukua koti langu, nikatoka mwenyewe.

Sasa niko barabarani nasubiri usafiri, mjomba kaenda kusimama ng'ambo ya barabara. Naomba msicheke. Neema yumo humu kwenye grupu, na bado hajajitoa.